Wasomaji Wauliza: Ndege ya Kwanza ya Mbao za Balsa

SWALI
Ndugu Mhariri, pokea salamu zetu kutoka Katuba. Shemeji yangu anayeishi Ubelgiji alipokuja likizo alimletea binti yangu mwenye umri wa miaka 12 sanduku la kujengea ndege ya mfano. Ndani yake mna mabamba membamba ya mbao nyepesi ajabu ambayo vipande vyake vimekwisha kuchorwa na kukatwa kwa mashine, fito nyembamba, ramani kubwa, karatasi laini ya kuvishia, propela ya plastiki na utepe wa mpira. Mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yatakuwa na sentimita 45. Maelezo yote ni ya Kiingereza, nasi nyumbani tunasoma Kifaransa na Kiswahili. Binti anataka kuanza leo, lakini mimi naogopa tusije tukaharibu kitu ambacho hatutakipata tena hapa mjini. Tuanzie wapi, tutumie gundi gani, na je, ndege hii itaruka kweli au ni pambo la kabatini?
Baba wa Katuba, Lubumbashi

JIBU
Baba, ndege hiyo itaruka, na binti yako ana umri unaofaa kabisa kwa kazi hii ikiwa wewe utakaa naye mezani. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha katika bustani ya Tuileries, mjini Paris, ndege ndogo iliyosukumwa na mpira uliosokotwa. Mabawa yake yalikuwa na takriban sentimita 45, sawa na hayo ya binti yako, na uzito wake wote ulikuwa gramu 16 hivi. Iliruka kwa sekunde 11 na kufika umbali wa mita 40 hivi mbele ya watu waliokuja kuitazama. Pénaud hakuwa na injini wala usukani. Alikuwa na wepesi, mabawa yaliyoinuka nchani, na mkia uliowekwa kwa pembe inayofaa. Sanduku lenu lina vyote hivyo, isipokuwa wepesi, ambao utategemea mikono yenu.

Nasisitiza wepesi kwa sababu ya mahali tunapoishi. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa imepungua uzito kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na hewa ya pwani. Ili bawa lilelile libebe mzigo uleule, ndege yenu italazimika kwenda kasi kwa asilimia 6 hivi kuliko ile ya mtoto anayeishi ufukweni, na itakapogusa ardhi itagonga kwa nguvu zaidi. Mtengenezaji wa seti hakuwafikiria watu wa Katanga alipochora ramani yake. Kwa hiyo kila tone la gundi lisilo la lazima, na kila tabaka la rangi, litawadai ninyi zaidi ya linavyomdai yeye.

Kabla ya kukata chochote, chukueni ramani na mabamba yote mkayatoe fotokopi, kisha mpime kwa rula kama nakala ina ukubwa uleule, kwa kuwa mashine nyingine hupunguza au kuongeza kidogo. Hofu yako ya kuharibu kisichopatikana itaishia hapo: kipande kikivunjika kiasi cha kutotengenezeka, mtakuwa na umbo lake la kuchora upya. Someni ramani pamoja jioni nzima bila kushika kisu. Kiingereza kisiwatishe, maana ramani ya namna hii husomeka kwa macho: kila kipande kina herufi au namba, na namba hiyohiyo imeandikwa kwenye bamba na kwenye mchoro.

Vifaa mnavyohitaji vyote vinapatikana mjini. Tafuteni wembe mpya au kisu chembamba chenye makali ya kubadilishwa, rula ya chuma, pini nyingi za mshonaji, msasa laini, vijiti vya meno vya kupakia gundi, na ubao ulionyooka ambao pini zinaweza kuingia. Povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni linafaa, au tabaka kadhaa za kadibodi zilizobandikwa pamoja, mradi ziwekwe juu ya meza au kioo kisichopinda. Ramani itandazwe juu ya ubao huo na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki unaoonyesha, ili gundi isiishike. Wembe ushikwe na wewe mwanzoni, na binti akate baada ya kukuona, akiusogeza mbali na vidole vyake.

Kuhusu gundi, ushauri wangu hauna shaka: tumieni gundi nyeupe ya maseremala, iliyopunguzwa makali kwa maji kidogo. Ile gundi ya kukamata papo hapo hubandika vidole, moshi wake huwasha macho, na haimpi mtoto nafasi ya kusogeza kipande kilichokaa vibaya. Gundi nyeupe hukawia, na katika kazi ya kwanza kukawia huko ni faida. Kiasi kinachotosha ni kile kinacholowesha nyuso mbili zinazokutana. Kinachofura pembeni kiondolewe kwa kijiti kabla hakijakauka.

Balsa yenyewe inahitaji kueleweka. Ni mti wa Amerika ya Kati na Kusini, na sehemu kubwa ya mbao zake zinazouzwa duniani hutoka Ekwado. Mita moja ya ujazo ya balsa huwa na uzito wa kilo 160 hivi, ilhali mbao nyingi za miombo yetu hufikia kilo 600 na kupita. Lakini hata ndani ya sanduku moja kuna bamba zito na bamba jepesi. Mpe binti ayapime kwa mkono, na kama mna mizani ndogo ya jikoni, bora zaidi. Nyuzi za mbao huenda upande mmoja tu. Kukata kwa kufuata nyuzi ni rahisi, kukata kwa kuzivuka kunataka wembe mkali na mikato kadhaa mepesi badala ya mmoja wa nguvu.

Vipande vilivyokatwa kwa mashine vimebaki vimeshikiliwa na vijisehemu vidogo sana. Visisukumwe kwa kidole, kwa sababu ndipo vinapovunjika. Sugueni kwanza upande wa nyuma wa bamba kwa msasa, polepole, mpaka mistari ionekane wazi, kisha mkate vijisehemu hivyo kwa ncha ya wembe. Kama kingo zimeungua kwa mwale wa mashine, zipigwe msasa kidogo, kwa sababu gundi haishiki vizuri juu ya mbao iliyoungua. Kipande kikivunjika hata hivyo, kirudishieni mahali pake na gundi kidogo. Mvunjiko wa balsa hukutana vizuri, na kiungo kikishakauka ni imara.

Anzeni na mkia. Ni mdogo, ni bapa, na makosa yake ni ya bei nafuu. Pini zisitoboe fito; zichomekwe pande zote mbili ili ziibane. Kila fito ikatwe ndefu kidogo kisha isuguliwe mpaka ikae bila kulazimishwa, kwa sababu fito iliyosukumwa kwa nguvu itapindisha fremu nzima siku mtakapoitoa kwenye ubao. Fito nyepesi kuliko zote wekeni huku nyuma. Pua ya ndege ni fupi na mkia wake ni mrefu, hivyo gramu 1 iliyozidi mkiani itawalazimu kuongeza gramu 2 au 3 puani ili kusawazisha, na uzito huo hautoki tena.

Baada ya mkia, jengeni mabawa: ukingo wa nyuma kwanza, kisha mbavu moja moja, kila moja ikisimama wima kwa kupimwa na kipande cha kadibodi chenye pembe mraba, kisha ukingo wa mbele. Ramani inaonyesha kwamba kila bawa litainuka kuelekea nchani. Msiipuuze pembe hiyo kwa kudhani ni urembo. Ndege hii haina rubani. Bawa moja likishuka na ndege ikaanza kuteleza upande huo, ni mwinuko huo ndio unaolipa bawa la chini nguvu ya kurudi juu. Inueni ncha kwa vipande vya mbao vyenye kimo kilichoandikwa, mpake gundi katikati, na msiiguse mpaka kesho yake.

Mwili ndio unaochukua muda mrefu zaidi. Kama ni wa umbo la kisanduku, jengeni ubavu wa kushoto juu ya ramani, mfunike kwa plastiki, kisha mjenge wa kulia juu yake hapohapo, ili pande zote mbili zifanane kwa kila kitu. Mtakapoziunganisha, angalieni kutoka mbele na kutoka juu, tena na tena. Mwili uliopinda kama ndizi hautarekebishwa na kitu chochote kitakachofuata, na afadhali kufungua kiungo kwa tone la maji na kuanza upya.

Kabla ya kuvisha karatasi, shikilieni mifupa hiyo juu kwenye mwanga. Mtaona nundu za gundi na kingo zilizotokeza. Zote zipigwe msasa, maana karatasi huonyesha kila kasoro iliyo chini yake. Ndege ya ukubwa huo ikimalizika vizuri huwa na gramu 20 hadi 30 hivi pamoja na mpira. Mkikaribia 20, binti yako atakuwa amefanya kazi ya fundi. Rangi waacheni wanaojenga mapambo. Karatasi yenye rangi yake ndani ndiyo inayofaa.

SWALI
Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu katika shule moja ya Ruashi na nina kundi dogo la wanafunzi tunaojenga nao baada ya masomo. Tulivisha mabawa karatasi wakati wa mvua, tukainyunyizia maji kama ilivyoelezwa, ikakazana vizuri sana. Mwezi wa sita tulipoyatoa kabatini, bawa moja lilikuwa limejipinda kiasi kwamba ncha yake imeelekea chini. Je, tulivunje?
Mama Mwalimu, Ruashi

JIBU
Mama Mwalimu, msilivunje. Lililowapata limetokana na majira yetu. Karatasi hii hunywa unyevu wa hewa na kulegea, kisha hewa ikikauka hujivuta. Ninyi mlilikaza bawa wakati wa mvua, hewa ikiwa nzito. Kiangazi kilipoingia na hewa ya Lubumbashi ikawa kavu, karatasi ilivuta zaidi ya kipimo, na fito za balsa zikafuata ilikovuta. Upande uliobandikwa kwa mkazo zaidi ndio ulioshinda.

Chemsheni maji, mlipitishe bawa juu ya mvuke wa birika huku mtu mzima akilishika, mlipinde kwa upole kuelekea upande wa pili, zaidi kidogo ya unapotaka lifike, kisha mlishikilie hivyo mpaka lipoe. Rudieni ikihitajika. Kaziangalieni ncha zote mbili kutoka nyuma: zikiwa sawa, au zote zikiwa zimeinua ukingo wa nyuma kidogo kwa kiasi kilekile, bawa limepona. Kuinuka huko kidogo nchani kunasaidia, kwa kuwa ncha hazitapoteza nguvu kabla ya sehemu ya katikati, na ndege haitaangukia ubavu. Kinachoharibu safari ni ncha moja kutofautiana na nyingine.

Kwa mabawa yajayo, visheni mwezi wa tano au wa sita. Kwanza tafuteni nyuzi za karatasi kwa kuchana kipande cha pembeni. Itachanika ikinyooka upande mmoja, na upande huo ulazwe kando ya urefu wa bawa. Bandikeni kingo tu, si kila ubavu, isipokuwa chini ya bawa ikiwa mbavu zimebonyea. Nyunyizieni maji kwa kichupa cha manukato kilichooshwa, umande mwembamba usiotiririka, kisha mlibane bawa kwenye ubao likiwa limeinuliwa juu ya vijiti ili hewa ipite chini, nalo likauke usiku kucha. Mwisho pakeni tabaka moja la gundi nyeupe iliyochanganywa na maji mengi, ili unyevu wa mvua ujao usiingie kwa urahisi. Mkia mwepesi hauvumilii hata hilo. Mimi ningeuvisha karatasi iliyonyunyiziwa na kukauka kabla ya kubandikwa, na kuuacha hivyo.

SWALI
Mhariri mpendwa, nimemaliza ndege yangu na ni nzuri sana kwa macho, lakini kila nikiirusha inapanda, inasimama hewani, kisha inadondoka kwa pua. Nikisokota mpira mizunguko mingi inajizungusha kushoto na kujipigiza. Nimekwisha kutengeneza pua yake tena na tena.
Kijana wa Kamalondo

JIBU
Mdogo wangu, weka mpira bila kuusokota kwa siku chache. Ndege ambayo haijajua kuteleza kimya kimya haiwezi kufundishwa na propela, na hapa ndipo ndege nyingi za kwanza huvunjwa na wenyewe.

Weka kila kitu mahali pake, mpira na propela vikiwemo, kisha uibebe kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipoonyeshwa kwenye ramani. Kama hapakuonyeshwa, anza na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Ikiinua pua, kama naamini yako itafanya, bandika udongo wa kufinyangia puani kidogo kidogo mpaka ikae sawa. Inauma kuongeza uzito baada ya kupigania kila gramu, lakini ndege nzito iliyosawazishwa huruka, na nyepesi isiyosawazishwa haifiki popote.

Tafuta nyasi ndefu, saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi, kabla upepo wa kiangazi haujaamka. Piga goti, uisukume mbele ikielekea nchi kwa kadiri ndogo sana, kwa kasi yake yenyewe, bila kuitupa juu. Watu wengi huirusha kama jiwe, na mrusho wa namna hiyo huinua pua hata kwa ndege isiyo na kasoro. Ikipanda na kusimama, ongeza udongo, au pinda ukingo wa nyuma wa mkia wa mlalo kuelekea chini kwa upana wa unywele. Ikichimba ardhi moja kwa moja, fanya kinyume. Badilisha jambo moja tu kwa kila mrusho, la sivyo hutajua lipi limesaidia.

Ikishateleza vizuri, sokota mizunguko michache, labda 50. Kule kujizungusha kushoto kuna sababu yake: propela ikizunguka kulia kwa anayeitazama kutoka nyuma, mwili husukumwa kuzunguka kushoto, na mpira uliosokotwa sana hutoa nguvu kubwa zaidi katika sekunde za mwanzo. Usiitibu kwa kupinda bawa, kwa maana ukipinda bawa utaharibu mtelezo uliokwisha kuupata. Ingiza kipande chembamba cha kadibodi kati ya kibao cha pua na mwili, upande wa kushoto, ili propela ielekee kulia kidogo. Na kingine upande wa juu, ili ielekee chini kidogo, jambo litakalozuia kupanda kwa ghafla. Digrii 2 au 3 zinatosha. Kisha ongeza mizunguko hatua kwa hatua.

Chagua uwanja ulio mbali na nyaya za umeme na mbali na njia ya ndege za Luano, uwanja wa ndege wa mji wetu. Ndege yako ikinasa kwenye waya, iache. Usiifuate kwa mti wala kwa chuma.

SWALI
Mpira wa seti yangu umekatika. Naweza kutumia ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, au niweke mota ndogo ya umeme niliyoitoa kwenye redio ya kaseti?
Msomaji wa Kampemba

JIBU
Mota hiyo pamoja na betri zake ni nzito kupita ndege nzima, kwa hiyo iache. Mpira wa ndani wa baiskeli nao, ingawa unavutika na unafaa kwa manati, ni mzito na haurudishi nguvu nyingi kati ya ile uliyoutia. Kwa majaribio, unganisha mipira midogo ya kufungia karatasi, ile ya maofisini, uipitishe kati ya kulabu mbili. Itakutosha kwa safari fupi wakati unamwomba ndugu aliye safarini akuletee utepe halisi.

Ukiupata, uoshe kwa sabuni ili unga wake utoke, ukaushe, kisha uupake mchanganyiko wa gliserini ya duka la dawa na sabuni ya maji. Usipake mafuta ya injini wala vazelini, kwa sababu mafuta ya petroli huozesha mpira asilia. Uvute hadi mara 3 ya urefu wake kabla ya kuanza kuusokota, na umwombe mwenzako ashike ndege huku wewe ukiisogelea taratibu kadiri mizunguko inavyoongezeka. Kila ukimaliza kurusha, utoe, uoshe tena, uuhifadhi gizani ndani ya chupa iliyofungwa, na kabla ya safari inayofuata uukague kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukikuta mpasuko hata mdogo, kata hapo na ufunge fundo jipya kabla ya kuusokota, kwa sababu mpira ukikatika ndani ya mwili wa ndege huchana karatasi na kuvunja fito zote za nyuma.